Kahawa na Usiku Wetu



Apitaye mitaa yetu ya pwani baada ya sala ya Isha hakosi kusikia mlio wa vikombe mkononi mwa mwuza kahawa. Wanaume hukusanyika barazani, na maneno huanza. Sisi nasi tumekaa katika baraza hizo miaka mingi, wala hatuandiki haya kwa kujitoa. Lakini yako mambo mawili yatusikitishayo. La kwanza ni kuwa majumbani mwetu kahawa haipikwi tena. Mama na watoto waijua kama kitu cha baba cha nje, au kama unga wa koponi ukorogwao upesi upesi kwa maji ya moto. La pili ni zito zaidi: aliyekunywa vikombe sita hadi usiku mkubwa, mara nyingi mwadhini wa alfajiri humwacha usingizini.

Lau watu wa kwanza walioinywa kahawa wangaliyaona haya, wangalistaajabu, kwani wao waliitafuta kwa ajili ya usiku huo huo.

Mbuni asili yake ni misitu ya Uhabeshi, lakini kahawa ilianza kupata jina katika nchi ya Yaman, karne ya 15. Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu kizima juu ya uhalali wa kahawa yapata mwaka 1558, amesimulia habari za mufti wa Aden, Sheikh Jamal al-Din al-Dhabhani. Sheikh huyu alisafiri ng'ambo ya bahari akawaona watu wakiitumia kahawa. Aliporudi Aden akashikwa na maradhi, akaikumbuka, akainywa, ikamfaa. Akaona tena ya kuwa yaondoa usingizi na uzito wa mwili. Basi masufi wakaishika kwa ajili ya nyiradi zao za usiku. Huko Misri, masufi wa Kiyaman waliokaa mtaa wa Azhar waliinywa usiku wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Ijumaa. Kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, mkuu wao akateka kwa kikombe kidogo na kumpa kila mmoja, akienda kwa upande wa kulia, na huku dhikri inasomwa. Wako waliotazama hata hesabu ya abjadi: herufi za neno "qahwa" zikijumlishwa huwa 116, na herufi za "Qawiyy", jina la Mwenyezi Mungu lenye maana ya Mwenye Nguvu, nazo ni 116. Kwa hiyo walilitaja jina hilo mara 116 walipoinywa.

Haikupita miaka mingi ila fitina ikazuka. Mwaka 917 wa Hijra, ndio mwaka 1511, huko Makka, mwangalizi wa masoko aliyeitwa Khair Beg aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtakatifu, wakipeana vikombe kama wafanyavyo wanywao ulevi. Akawakusanya wanavyuoni na matabibu, na kahawa ikaharimishwa, ikachomwa moto njiani. Imesimuliwa kwamba katika kikao hicho mtu mmoja alishuhudia ya kuwa kahawa yalevya sawasawa na mvinyo. Akaulizwa: umejuaje? Akakiri kuwa mvinyo amewahi kuuonja, na fimbo zikamshukia yeye!

Twacheka, lakini jawabu iliyotoka Misri kwa Sultani Qansuh al-Ghawri ndiyo ya kuitia moyoni. Yeye hakukiharimisha kinywaji chenyewe. Alikataza vikao vyenye mambo ya haramu, akaiacha kahawa kwa anywaye. Na huu ndio mpaka tuutakao kwa baraza zetu. Kikombe hakina kosa lolote, lakini kikao chenyewe na kipimwe: je, huko twakaa kwa kheri, au twala nyama za watu wasiokuwepo, hali nyumba zetu zimelala bila ya baba?

Mataifa mengine hawakuitoa kahawa nyumbani. Mhabeshi hukaribisha jirani zake kwa kahawa iliyokaangwa mbele ya macho yao, akaipika katika chungu chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena, na huimimina mara tatu: ya kwanza abol, ya pili tona, na ya tatu, iliyo nyepesi, jina lake ni baraka. Aondokaye kabla ya baraka ameyakosa mazungumzo yote. Waturuki husaga unga laini mno, wakautia pamoja na sukari na maji baridi katika kopo dogo lenye mpini mrefu, moto mdogo. Povu likipanda huepua kabla haijachemka. Waomani na jirani zao wa Ghuba huikaanga kidogo tu, rangi ikabaki ya manjano, wakatia iliki, na pengine zafarani au marashi mawaridi, ikaliwa na tende au halua. Kahawa hiyo ya Kiarabu UNESCO iliiandika mwaka 2015 miongoni mwa urithi wa walimwengu, na ile ya Kituruki ilitangulia mwaka 2013. Nao ndugu zetu Wahaya wa Bukoba hawaisagi wala hawaimimini: huchemsha buni pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha, na mgeni hupewa punje za kutafuna.

Sasa tuje jikoni kwetu. Chukua buni mbichi, uzichague, mbovu uzitupe. Weka kikaango kizito juu ya makaa ya wastani, bila mafuta, ukoroge kwa mwiko pasipo kuacha. Zitakuwa manjano, kisha hudhurungi, kisha zitapasuka kwa sauti ndogo kama kuni kavu. Utakaye kahawa ya Kiarabu epua mapema, kabla ya mlio huo. Utakaye yetu ya pwani ngoja mpaka ziive hudhurungi nzito, wala usiondoke. Sisi tuliwahi kuondoka ili kuitikia hodi, na tuliporejea tulikuta makaa juu na makaa chini! Zimwage unguoni upesi, uzipepete mpaka zipoe, kisha uzitwange kinuni pamoja na kipande cha tangawizi kavu. Kwa lita moja ya maji vijiko vinne vikubwa vyatosha. Ichemke katika dele kwa dakika 10, uepue, uiache dakika 5 mashapo yatue. Sukari usitie, utamu wake utoke katika kashata au tende. Kazi hii si ya binti peke yake. Kijana wa kiume naye na ashike mchi.

Wakati wa kuinywa hauna budi kutazamwa. Wataalamu wa leo wasema kwamba nguvu ya kahawa hupungua kwa nusu katika muda wa saa tano hivi, na watu hutofautiana. Anywaye saa nne za usiku, nusu bado imo mwilini saa tisa, naye akipata usingizi hapo, adhana yaja juu yake. Kwa siku za kawaida basi, twaona wakati wake ni baada ya Alasiri, jamaa wote wamekaa mkekani. Ile ya usiku iwekwe kwa aliyenuia kweli kukesha kwa ibada au kwa masomo. Mwenye mimba apunguze, na watoto wadogo wapewe maziwa yenye iliki, wapate nao kikombe cha kushika.

Mtoto mkubwa ndiye afundishwe kumimina. Dele huwa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Aanze na mgeni au mzee kuliko wote, kisha aende kwa upande wa kulia. Kikombe hakijazwi, robo yatosha, ili kisipoe mkononi. Aliyetosheka hukitikisa kidogo akakirudisha, na asipokitikisa mtoto ajue kwamba kazi yake bado.