Mpweke Haponi kwa Kuambiwa Akae na Watu

Mwaka uliopita kijana mmoja alinijia baada ya sala ya Ijumaa, akanieleza jambo alilokuwa akilimeza kwa siku nyingi. Alitoka Tabora kuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akaipata, akapanga chumba Mbagala. Kila Ijumaa husimama safuni bega kwa bega na wenziwe, na kila Ijumaa hurejea chumbani pasipo mtu kumwuliza jina lake. Nami, kama wafanyavyo wazee wengi, nilimjibu upesi: "Mwanangu, jichanganye na watu, na uzidishe ibada." Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Miezi mitatu sikumwona, na aliporejea alikuwa amekonda.

Maneno yangu yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa tiba. Kijana yule alikwisha kuwa miongoni mwa watu, na ibada hakuiacha. Mwaka 2011 wataalamu wa Chicago, akiwemo marehemu John Cacioppo aliyeutafiti upweke kwa miaka mingi, walizipitia tafiti zilizopima njia mbalimbali za kuupunguza. Kuwakutanisha watu, kuwafunza mazungumzo, kuwapatia wa kuwaliwaza, yote hayo yalionekana kusaidia kidogo. Iliyozidi nyingine ni njia ya kumsaidia mpweke azichunguze fikra zake mwenyewe juu ya watu. Kwani upweke ukidumu humbadilisha mtu macho: jirani asiyeitikia salamu kwa sababu ya haraka huonekana ana chuki, mwaliko huonekana ni wa kuhurumiwa tu, na kabla hajakataliwa mtu hujikataa mwenyewe. Mpeleke huyo katika arusi ya watu mia tano, atatoka na upweke wake maradufu.

Basi hapo ndipo anapohitajika mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Husikiliza, huuliza, kisha humtaka mtu alipime wazo lake kwa jambo dogo la kutenda wiki ile, mathalani kumtembelea mtu mmoja. Na wakikutana tena hulitazama pamoja lile lililotokea. Si lazima dawa ziwepo. Nasema hivyo kwa kuwa kwetu, ikitajwa tu afya ya akili, watu huwaza Mirembe ya Dodoma, jina ambalo tumelifanya tusi. Aibu hiyo ni yetu, si ya hospitali ile.

Yupo atakayeuliza: wako wapi washauri hao, na nani awezaye kuwalipa? Swali hilo ni la haki, maana ni wachache na wengi wao wako mijini. Mwenye haja na aanzie hospitali ya mkoa au ya rufaa, aulizie huduma za afya ya akili au ustawi wa jamii. Akimpata mshauri asione haya kumwuliza amesomea nini, atamtunzia siri vipi, na watakutana mara ngapi. Baada ya mikutano kadhaa moyo usipotulia, kutafuta mwingine si utovu wa adabu. Ama yule amfanyaye mtu amtegemee yeye peke yake, asirudi kwa watu, huyo akimbiwe; na akimbiwe zaidi yule aahidiye kumtoa jini wa upweke kwa malipo.

Tena si kila msaada uhitaji shahada. Mwaka 2006 huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo lake hatua kwa hatua, wakaketi na wahitaji kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa benchini walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko wenzao. Sonona na upweke si kitu kimoja, lakini ni majirani wa karibu mno. Je, misikiti yetu haina bibi na mabarazani hamna viti?

Kijana wetu nilimsindikiza hospitali, nikamngoja nje. Sasa amekwisha kukutana na mshauri mara tano. Juzi alinijia akitabasamu, akasema jambo alilopewa kulitenda wiki hii ni kumwuliza mtu mmoja jina lake kamili. Nikamtajia langu. Nami ndipo nilipomwuliza lake.