Kofi Halijawahi Kuzalisha

Kaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito pale Mjimwema, Songea, utaisikia kauli hii ikitolewa kwa uhakika kama imeandikwa kwenye kadi: nesi mkali ndiye nesi mzuri. Nesi wa kubembeleza, wanasema, atakuachia mtoto achokee tumboni. Mama mkwe anamfunda nayo mkwewe, shangazi anamfunda nayo mtoto wa kaka yake. Anayezaa mara ya kwanza anatajiwa vifaa vya kubeba, yaani beseni, khanga, glovu, pamba na wembe, halafu anaongezewa wosia: "Ukifika leba wakikufokea, nyamaza. Wanakuokolea mtoto."

Si kweli. Wapo watoto waliookolewa na mkunga hodari ambaye pia alitukana, nasi tukalipa tusi sifa ya kazi iliyofanywa na mikono.

Kuna jambo kila mtu mjini hapa analijua. Mke wa mkubwa akifika na uchungu, hafokewi. Anapewa pole, pazia linavutwa, daktari anapigiwa simu kabla mama hajapanda kitandani. Na anazaa, na mtoto analia kama watoto wengine. Nesi akienda kufanya kazi ya ziada kwenye zahanati ya kulipia, sauti inalainika tangu mlangoni. Kama kofi la pajani ni dawa, mbona wenye uwezo hawaandikiwi? Kama matusi yanafungua njia, mbona bima haiyalipii?

Wanaoandikiwa dozi hiyo tunawajua. Ni mama wa mimba ya saba aliyetoka shambani na khanga moja. Ni aliyeshindwa kununua glovu, ingawa sera ya nchi inasema huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure. Ni mjamzito asiye na mume wa kumleta kliniki, anayerudishwa kwa mwenyekiti wa mtaa akatafute barua kana kwamba mimba inahitaji mdhamini. Ni binti wa miaka 17 anayeulizwa, katikati ya uchungu, mbona wakati anaitafuta hakupiga kelele. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Hao ndio ambao miili yao iko hatarini zaidi, na ndio tunaowapokea kwa kejeli. Ukali wa leba unajua nani ana mtu wa kumsemea na nani hana.

Na ukali huo unaua, kwa njia rahisi kabisa: unanyamazisha. Kifafa cha mimba hutanguliwa na dalili ambazo mgonjwa mwenyewe ndiye wa kwanza kuzijua: kichwa kinagonga, macho yanaona maluweluwe, sehemu ya juu ya tumbo inauma. Aliyeambiwa "acha kudeka" hatazitaja mara ya pili. Aliyekwisha kujifungua anahisi khanga zinalowa chini yake, lakini anaogopa kuita, kwa sababu alipoita mara ya kwanza aliulizwa kama Songea nzima kazaa yeye peke yake. Damu haikatiki kwa kufokewa. Inazuiwa kwa sindano ya oksitosini, kwa mkono unaokanda mfuko wa uzazi, kwa damu salama iliyopo kwenye friji. Na kifafa kinadhibitiwa kwa magnesiamu salfeti.

Watetezi wa ukali watanitolea takwimu. Vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16; ule wa 2022 ukakuta 104. Waliojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Watauliza: basi mbona kinamama wanakwenda? Wanakwenda kwa sababu wanataka kubaki hai, na kwa sababu sasa kuna vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya na usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115. Hakuna kimojawapo kilichohitaji kofi. Na miongoni mwa wanaobaki kuzalia nyumbani, wapo wanaozuiwa na umbali na nauli, na wapo wanaozuiwa na kumbukumbu ya leba waliyopitia.

Hoja yao nzito ni nyingine: nesi yuko peke yake usiku, ana kinamama watano, ufagio ni wake, fomu ni zake. Hiyo naikubali yote. Lakini aliyemwacha peke yake si mama aliyelala kitandani, na hasira ya uchache wa watumishi ipelekwe kwa mwajiri. Isitoshe, Tanga walishajaribu kuuondoa ukali huo. Watafiti waliowahoji kinamama wa Korogwe na Muheza wakitoka kujifungua walikuta 19 kati ya 100 wakisema walitendewa vibaya. Walipowafuata nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakawa 28, maana ulimi hufunguka mtu akishafika kwake. Kisha Korogwe ikaandaliwa mkataba wa huduma kwa mteja, na watumishi wa hospitali wakakaa wenyewe kurekebisha kasoro za wodi yao. Uwezekano wa mama kudhalilishwa ukapungua kwa asilimia 66. Halikushushwa jeshi la manesi wapya.

Majirani zetu walifika hadi mahakamani. Mama mmoja wa Bungoma, Kenya, alijifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, akapigwa na waliopaswa kumsaidia. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua haki zake zimevunjwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Jaji hakuuita ukali huo msaada.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa, tusiishie kuuliza habari za barabara na maji. Kamati ya usimamizi ya kituo ina wawakilishi wetu, na fedha za kituo siku hizi zinaingia kwenye akaunti yake moja kwa moja. Tuwaulize: mapazia ya leba yako wapi? Sanduku la maoni hufunguliwa lini, na mbele ya nani? Mama anaruhusiwa kuingia na mtu wake? Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hilo mwaka 2018, na tafiti zilizokusanywa kutoka nchi 17 zinaonyesha kwamba mwenye msindikizaji huzaa kwa muda mfupi zaidi na hupelekwa kisu kwa nadra zaidi.

Na nyinyi mama wakwe na mashangazi, wosia ubadilike. Mwambieni binti: ukifika leba, sema. Kichwa kikiuma sema, damu ikizidi piga kelele, na ukipigwa, tuambie jina la nesi wa zamu.