Uvira: Kabati lililookoka mafuriko laweza kubeba samaki, lakini lisinyang'anye watu maji ya kunywa

UVIRA, Kivu Kusini – Tangu mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, na ziwa likazidi kupanda miaka iliyofuata, kuna nyumba mjini Uvira zilizobaki na makabati yasiyo na kazi. Milango imeoza, droo hazifunguki, lakini miguu bado ni mizima. Wengine wanayapasua kuni. Wengine wanawaza kuweka juu yake sanduku la kioo, yaani akwariamu, na kufuga samaki wa ziwa ndani ya nyumba. Jirani zao wanacheka: samaki wapewe bidoni tano za maji, wakati mama aliyekimbia kwao anapanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya bidoni moja?

Swali hilo ni la haki. Lakini jibu lake si kuacha samaki, ni kuacha maji ya bomba. Samaki wa Tanganyika hawayahitaji. Dawa ya klori inayotiwa humo inaweza kuwaua. Maji yao ni yale yale ya ziwa, yenye chumvichumvi za mawe na yasiyo na ukali wa ndimu. Achote mtu mzima, mchana, mbali na mdomo wa mto na mahali pa kufulia. Mtoto asitumwe, maana mamba na viboko wa Uvira si hadithi. Na bidoni ya samaki ipakwe rangi, isirudi kamwe kwenye maji ya kunywa. Katika mji unaojua kipindupindu, anayechanganya bidoni hizo mbili afadhali asianze kabisa.

Hatari nyingine iko kwenye kabati lenyewe, na hapo ndipo wengi wanajidanganya. Lita moja ya maji ni kilo moja. Sanduku la urefu wa sentimeta 80, upana 35, likijazwa kimo cha sentimeta 35, linashika lita 98. Ongeza kioo, mchanga na mawe, uzito unapita kilo 120. Ni kama wanaume wawili wamesimama juu ya kabati usiku na mchana bila kushuka. Kabati la mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, kama liliwahi kulala ndani ya mafuriko, halifai hata likipakwa rangi nzuri namna gani. Limevimba, na kilichovimba kitamomonyoka. Lifaalo ni la mbao ngumu, ambalo miguu au kuta zake ziko wima chini ya pembe za sanduku. Ubao wa mgongo usitolewe, maana ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Droo zikitolewa, fundi apigilie nguzo katikati. Juu iwekwe mbao moja nzima, kisha kipande chembamba cha sponji ya godoro ili kioo kisilalie kijiwe. Kabati lisimame juu ya sima, si juu ya udongo.

Kabla ya kioo, ni vema kulijaribu. Zipangwe juu yake bidoni sita za lita 20 zilizojaa, ziachwe siku tatu. Mlango wa kabati uliokuwa unafunguka vizuri ukianza kukwaruza, kabati limeinama. Hapo lirudishwe kwa fundi au liwe la nguo. Bidoni ikianguka, hasara ni maji tu. Kioo kikianguka karibu na mkeka wanapolala watoto, ni habari nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo, nyumba inayolaza familia mbili katika chumba kimoja isubiri. Afadhali kabati hilo liende darasani, ambako watoto wa mji na wa waliokimbia makwao watalitazama pamoja.

Na kuna cha kutazama. Watoto wengi wa Uvira wanajua ndagala, mikeke na sangala, yaani wanajua sahani. Wale walioshuka kutoka milima ya juu, hata hizo wengine hawakuzizoea. Lakini Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya kuhe, karibu zote hazipatikani ziwa lingine duniani. Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka, samaki hao wameuzwa Ulaya kwa miaka mingi kama mapambo ya sebule. Ni ajabu kwamba mtoto wa Ujerumani anaweza kuwajua kuliko mtoto wa Kalundu. Kuna wadogo kuliko kidole wanaokaa ndani ya magamba matupu ya konokono: mama anataga humo, na anayesogea anafukuzwa, hata awe mkubwa mara tatu. Magamba ya kuwawekea yaokotwe matupu.

Wasiwe wengi. Watano au sita wadogo wanatosha, kwa sababu umeme wa Uvira unakatika, na pompo ya hewa ikilala, samaki ishirini wanakufa mahali ambapo watano wangepona. Tena wasiingizwe siku ile ile wote. Uchafu wa samaki una sumu, na katika maji ya aina ya Tanganyika sumu hiyo ni kali zaidi. Vijidudu vinavyoila vinahitaji wiki nne hadi sita kuzaana kwenye mchanga na sponji. Waanze wawili, wapewe chakula kidogo, wengine wafuate baadaye.

Kila wiki robo ya maji inabadilishwa, bidoni moja na kidogo. Yale machafu yasimwagwe uani bure: lengalenga wanayapenda sana.