Safari ya mume na mke: Sunna iliyosahauliwa majumbani mwetu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetuumba wake kwa waume na akajaalia baina ya wanandoa mapenzi na huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake, pamoja na kila mwenye kuufuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu zangu Waislamu, lipo suali ambalo wanandoa wa miji yetu ya Pwani, na hasa Mombasa, wamekuwa wakituuliza mara kwa mara. Mume na mke waliotimiza miaka kumi, ishirini au thelathini ya ndoa, je, yafaa watenge siku mbili tatu, wawaache watoto kwa nyanya yao, wapande gari na kuiandama barabara ya pwani hadi Malindi kwa ajili ya kuukumbuka umri wa ndoa yao? Wapo wanaolijibu suali hili kwa neno moja tu: haramu, hayo ni mambo ya Wazungu. Wapo pia wanaosema kila jambo ni halali maadamu wawili hao wameoana kwa sharia. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimefanya haraka. Suali hili lina mambo mawili ndani yake, nayo ni siku na safari, na kila moja lina hukumu yake.

Tuanze na siku. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wa mji ule wana siku mbili za kucheza walizozirithi tangu zama za ujahili, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora kuliko hizo, nazo ni Idi ya Fitri na Idi ya Adh-ha. Kutokana na hadithi hii, iliyopokewa na Abu Daud, wanavyuoni wengi wamechukua kwamba Muislamu hana ruhusa ya kujizulia sikukuu nyingine ya dini. Wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana kuhusu kumbukumbu za kila mwaka kama hii ya ndoa. Baadhi yao wamezikataza kwa kuwa ni kuiga desturi za wengine, na baadhi wameziona ni ada tu za watu, zisizo na madhara endapo hazikuchanganywa na maasi wala kudhaniwa kuwa ni ibada.

Mwenye kutaka salama na aiepuke tofauti hiyo kwa njia nyepesi, nayo ni kuipa siku hiyo thamani yake ya kawaida na kutoizidishia. Hebu tazama: ndoa iliyofungwa mwezi wa Shawwal, ukiihesabu kwa kalenda ya Hijria, kila mwaka itaitangulia kalenda ya miladi kwa siku kumi au kumi na moja. Baada ya miaka michache, tarehe mbili hizo zinakuwa mbali kabisa. Ni ipi basi iliyo siku yenyewe? Hakuna. Basi mwende mwezi huu au ujao, wakati wa likizo ya shule au baada yake. Mtume (S.A.W.) alimkumbuka Bi Khadija (R.A.) baada ya kufa kwake kwa wema usiokatika, hata akawa akichinja kondoo huwapelekea nyama marafiki wa marehemu mkewe, wala hatukusikia kwamba aliingoja tarehe maalumu. Huo ndio uaminifu wa ndoa tunaoutaka.

Ama safari, hiyo ina asili madhubuti katika Sunna, na hapa ndipo ninapowalaumu wenye kukimbilia kuharamisha. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na yule ambaye kura imemwangukia hutoka naye. Hakusema kwamba safari ni ya wanaume na wanawake wabaki na vyungu. Imepokewa pia kwamba usiku wa safari alikuwa akienda sambamba na Bi Aisha (R.A.) huku akizungumza naye. Na katika safari alishindana naye kwa mbio. Mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na baada ya miaka, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda na kumtania kwamba huku ni kulipa kule. Aliporejea kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, alikaa chini kando ya ngamia na kuweka goti lake ili Bi Safiyya alikanyage apate kupanda. Huyu ni kiongozi wa dola na wa jeshi, tena mbele ya watu. Ni wangapi miongoni mwetu wanaomfungulia mke mlango wa gari bila ya kuona haya?

Nayasema haya kwa sababu katika vikao vya suluhu tunavyokaa, mashitaka hayawi daima ya njaa wala kipigo. Mara nyingi mke hulalamikia kimya. Mume analeta unga na mafuta, analipa karo na kodi ya nyumba, lakini hana neno na mkewe ila "chakula kipo wapi" na "watoto wamelala?" Mama mmoja alitwambia kwamba kwa miaka ishirini hakulivuka daraja la Nyali pamoja na mumewe ila kwa maziko au arusi. Mumewe alistaajabu kwelikweli, kwani hakujua kwamba hilo nalo huhesabiwa. Talaka nyingi huanza katika ukimya wa namna hiyo, na siku karatasi inapofikishwa kwa kadhi, ndoa yenyewe huwa imekwisha kufa zamani.

Kisa cha Salman na Abud Dardaa (R.A.) kinatosha kutufundisha. Salman alimzuru nduguye, akamwona mkewe Ummud Dardaa amevaa nguo zilizochakaa. Alipomuuliza, akaambiwa kwamba Abud Dardaa hana haja na mambo ya dunia, kwani mchana amefunga na usiku anaswali. Salman akamkumbusha nduguye kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuwa udhuru wa kumsahau mke, sembuse baraza la kahawa na kutazama mpira?

Tukichukua mfano wa njia ya Mombasa hadi Malindi, ambayo ni kiasi cha kilomita 120, mwenye kuipita kwa mazingatio atakuta ni darasa. Ukipita Mtwapa kuna Jumba la Mtwana, mji uliokufa ulioko ufuoni, na misikiti yake ingali inaonekana. Baada ya mashamba ya mkonge ya Vipingo utafika Kilifi, na kando ya hori, juu ya jabali, yako magofu ya Mnarani yenye msikiti na makaburi ya minara chini ya mibuyu. Mbele zaidi, kabla ya Malindi, umo ndani ya msitu mji wa Gede, uliohamwa katika karne ya 17, na ambao mwaka 2024 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Una msikiti mkuu, kasri, majumba ya mawe na visima. Na ukivuka mto Sabaki utafika Mambrui, penye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za China.

Watu wengi hupita hapo wakapiga picha na kwenda zao. Lakini soma Suratul Hajj, aya ya 45 na ya 46, uone jinsi Mwenyezi Mungu anavyotaja visima vilivyoachwa na makasri yaliyokuwa imara, kisha akawauliza watu kwa nini hawatembei katika ardhi wakapata nyoyo za kufahamia. Mume na mke wakisimama mbele ya kisima cha Gede, wakakumbuka kwamba hapa nako palikuwa na bwana na bibi arusi, palikuwa na vicheko na ugomvi wa nyumbani, kisha wote wakaenda, watajiuliza wenyewe: kinyongo chetu hiki tunakiweka mpaka lini? Mazingatio hayo ni bora kuliko keki na mishumaa.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana safari bila ya elimu huharibu ibada. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Pwani, masafa ya kupunguza swala ni zaidi kidogo ya kilomita 80. Kwa hiyo mwenye kutoka Mombasa kwenda Kilifi na kurudi hapunguzi, kwani hiyo ni kiasi cha kilomita 60 tu. Mwenye kukusudia Malindi anapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha zikawa rakaa mbili mbili, na anaanza baada ya kuyatoka majengo ya mji wake. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Anaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akinuia kukaa Malindi siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, basi akishafika huko huswali kama mkaazi. Na nyote wawili mswali jamaa, mume mbele na mke nyuma yake. Wapo wanandoa ambao tangu waoane hawajawahi kuswali pamoja hata rakaa mbili, na hapa pana fursa.

Tahadharini na siku ya Ijumaa. Katika madhehebu yetu, mwanamume anayewajibikiwa na swala ya Ijumaa hafai kuanza safari baada ya kuingia Alfajiri ya siku hiyo, isipokuwa awe na hakika ya kuidiriki njiani. Ama maji, msiwe na wasiwasi. Masahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu bahari, akawajibu kwamba maji yake yanatwaharisha. Basi haimpasi mtu kuikosa swala ufuoni eti hakupata bomba.

Pana mambo mengine matano ya kuchunga. La kwanza ni gharama. Usikope ili ufurahi siku mbili kisha ulie miezi sita. Chukueni mahamri na mbaazi zenu kutoka nyumbani, nunueni madafu Mtwapa na korosho Kilifi, na mlale katika nyumba ya wageni iliyo safi na isiyouza pombe. La pili ni stara. Bahari haibatilishi hijabu, na si lazima kila picha ya mkeo irushwe mitandaoni. Mtume (S.A.W.) amekemea vikali mtu anayetoa nje siri zilizo baina yake na mkewe, na kitanda cha ndoa hakianikwi barabarani.

La tatu ni mwendo wa gari. Anjasha alikuwa akiwaswaga ngamia waliowapakia wanawake, na kwa sauti yake nzuri ngamia wakaenda mbio. Mtume (S.A.W.) akamtaka apunguze, akiwafananisha wanawake hao na vyombo vya kioo. Dereva mwenye kuipita kila gari iliyo mbele yake ili amwonyeshe mkewe ushujaa, ameipinga hadithi hii kwa mguu wake.

La nne, mwenye wake zaidi ya mmoja asijifanye kusahau habari ya kura tuliyoitaja. Akimchukua mmoja bila ya kura wala ridhaa ya wenziwe, wanavyuoni wetu wanasema kwamba huwalipa siku hizo atakaporudi. La tano ni wazee na watoto. Mwachie mama yako matumizi ya kutosha, usimtwike wajukuu na njaa yao. Na mkirudi, mleteeni zawadi japo ni achari ya embe, asije akahisi kwamba furaha yenu imejengwa juu ya mgongo wake.

Nawageukia na akina mama. Si kila mume ana gari, wala si kila mwezi una ziada. Mke mwenye busara hampimi mumewe kwa safari ya jirani. Ikiwa uwezo haupo, matembezi ya jioni hadi Mama Ngina, mkiitazama bahari na kununua muhogo wa kuchoma, yana thawabu na utamu uleule endapo nia ni moja. Na mkiwa huko, simu ziwekeni mfukoni. Msiwataje mawifi, mashemeji wala madeni. Semezaneni kama mlivyosemezana mlipokuwa hamjapata mtoto wa kwanza.

Kwa ufupi, kuitukuza tarehe kama Idi hatukubaliani nako, na mwenye kuliacha hilo ameihifadhi dini yake. Lakini kumtoa mke nje ya kuta za nyumba, kumsikiliza, kumfurahisha na kumshukuru kwa miaka aliyokuvumilia, huo ni mwenendo wa Mtume (S.A.W.), na aliye bora kwetu kwa kauli yake ni aliye bora kwa ahali yake. Msiuache mwenendo huo kwa wengine kisha mkausema kuwa ni wao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, awape wanandoa mawadda na rahma, awalinde wasafiri wa bara na bahari, na awarudishe kwa watoto wao salama. Amin.

Wallahu aalam.