Abiria wa meli na kitambulisho

Msafiri wa Peramiho anayepitia Mbinga hadi Mbamba Bay, apande meli ya MV Mbeya II kwenda Kyela, hahitaji pasipoti. Hatoki nje ya nchi. Akitaka kuvuka Ziwa Nyasa hadi Nkhata Bay, hapo mambo ni mengine: Malawi ni nchi nyingine, hivyo aende Uhamiaji akachukue pasipoti au hati ya dharura.

Lakini kutohitaji pasipoti si kusafiri bila jina. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kilikuwa kivuko cha watu 101. Waliokufa walizidi 220. Siku zile za kuopoa miili, nani aliyejua hasa wangapi walipanda?

Kwa hiyo bandarini kila jina liandikwe, mtoto wa mgongoni naye. Kadi ya taifa ya NIDA itoshe. Asiye nayo, na vijijini wapo wengi, akubaliwe kwa kadi ya mpigakura au barua ya mtendaji wa kijiji. Kumwacha mgonjwa gatini kwa kukosa kadi ni ukatili. Orodha ibaki nchi kavu. Ikipanda melini, itazama nayo.