Kilo zako tatu zimekwenda wapi?

Ndugu mkulima, kuna maneno nayasikia kila msimu wa mauzo, na leo nayakataa: "Kompyuta haikosei." Kompyuta hufanya ilichoambiwa. Ikiambiwa itupe desimali, itazitupa, nawe utalipwa pungufu huku risiti imechapwa vizuri.

Tuseme umepima magunia sita ya mahindi: kilo 87.6, 91.2, 88.7, 90.4, 89.9 na 92.5. Jumla ni kilo 540.3. Programu ya mnunuzi inakata kila gunia libaki na kilo kamili: 87, 91, 88, 90, 89, 92. Jumla 537. Kilo 3.3 zimepotea. Kwa bei ya shilingi 800 kwa kilo, hiyo ni shilingi 2,640 ya jasho lako.

Watasema, "Tunarahisisha hesabu." Kurahisisha gani huko kunakomuumiza mtu yule yule siku zote? Kukadiria kwa haki hupandisha 87.6 kuwa 88 na hushusha 91.2 kuwa 91. Kukata hakupandishi kamwe. Na mashine haichoki kujumlisha desimali.

Nawe mwenye duka la pembejeo, usicheke. Programu yako ikipangwa kuonyesha nafasi mbili za desimali kwa kila kitu, dawa ya mililita 25 kwa bomba la lita 20, yaani lita 0.00125 kwa kila lita ya maji, itasomeka 0.00. Mteja akapulizie maji matupu? Kwa vipimo vidogo usihesabu nafasi baada ya nukta. Hesabu tarakimu zenye maana, kuanzia ile ya kwanza isiyo sifuri. Ukipanga tarakimu tatu, utapata 0.00125 nzima.

Msimamo wangu ni huu: kilichosomwa kwenye mizani kiandikwe kama kilivyo, na kukadiria kufanyike mara moja tu, mwishoni, kwenye fedha.

Kwa hiyo nenda na daftari. Andika uzito wa kila gunia pamoja na desimali yake, kisha jumlisha kwa simu yako. Ikitofautiana na risiti, uliza palepale, mbele ya wenzako. Na kabla hujajibiwa, usisaini.