Usikimbie Mahali Panapouma

Mwezi huu tunaziacha kidogo habari za lishe na chanjo, ili tuzungumze juu ya kazi ya kutunga hadithi. Mama mmoja wa Bunda ametuandikia barua. Anasema ana kaunta buku mbili zilizojaa hadithi aliyoiandika usiku, watoto wakishalala, lakini kila anapowasomea akina mama wenzake wanasinzia. Anauliza, "Je, niache?"

Tunamjibu hivi: La, mama, usiache. Hayo yametupata na sisi, tena hapo hapo Bunda. Hebu tukueleze yalivyokuwa.

KIJITABU CHETU

Kwa muda mrefu tulikuwa tukiandika kijitabu kwa ajili ya akina mama wajawazito na jamaa zao. Hatukuwa na mchapishaji. Tuliandika baada ya zamu, kwenye meza ya jikoni, ugali umekwisha kuliwa na vyombo vimeoshwa. Kijana wa steshenari hapa mjini alituchapia kwenye kompyuta, na fedha za kutoa nakala za kwanza zilitoka kwenye mayai ya kuku wetu. Mwandishi anayejitegemea ndivyo alivyo: yeye ni mtunzi, msahihishaji, mfadhili na mchuuzi wa kazi yake mwenyewe. Akikosea, hakuna mhariri wa kumshika mkono.

Hadithi yetu ilimhusu mama mwenye mimba ya miezi minane aliyeumwa kichwa. Jina lake, kijiji chake na idadi ya watoto wake tulivibadilisha, maana muuguzi hana ruhusa ya kutoa siri ya mgonjwa, hata kwa nia njema. Lakini mambo yenyewe yalitokea.

Tuliisoma kwa mara ya kwanza mbele ya akina mama wa kanisa, Jumamosi moja alasiri. Ilikuwa na kurasa 20. Tulianza na posa, tukaenda kwenye mahari, tukawaeleza ng'ombe rangi zao na pembe zao, kisha harusi, vyakula na nguo za wageni. Tulipofika ukurasa wa sita, mama mmoja alikuwa amelala kabisa, na mwingine amevuta ungo wa karanga anamenya. Ugonjwa ulianza ukurasa wa 18. Tulipomaliza walipiga makofi ya adabu.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Sista, ng'ombe wa mahari umetuhesabia mmoja mmoja mpaka tumechoka. Lakini yule binti alipofika zahanati umesema tu kwamba alisubiri kidogo, kisha akapata degedege. Hicho kidogo ni kiasi gani? Na aliyemwambia asubiri ni nani?"

Tulikosa jibu. Tulikusanya karatasi zetu, tukanywa chai, tukapanda gari la kurudi Musoma. Njia nzima swali la bibi yule lilikuwa limekaa nasi kwenye kiti.

TULICHOKIRUKA

Aliyemwambia asubiri tulikuwa sisi.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, tukiwa bado wageni kazini katika zahanati moja ya kijijini. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na akina mama walikuwa wamejipanga mpaka nje. Yule mama aliletwa kwa baiskeli, mama mkwe wake akitembea nyuma. Alisema kichwa kinauma tangu jana na macho yanaona ukungu. Tuliuona uso wake umevimba, tukadhani ni uchovu na jua la njiani. Tulimwambia, "Kaa pale kwenye benchi, wenzako nao wanangoja." Kipimo cha shinikizo la damu kilikuwa mezani, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama.

Tukaendelea kupima watoto uzito. Tulipima watoto 11. Tukiwa na wa 11 kwenye mizani, tulisikia benchi likianguka.

Mama alipona baada ya kufikishwa hospitali. Mtoto hakupona.

Hayo yote, mpendwa msomaji, tuliyaandika kwa maneno machache mno. Tulikuwa tumejidanganya kwamba tunakimbiza hadithi ili isichoshe. Ukweli ni kwamba kalamu ilikimbia mahali moyo ulipoogopa, ikaenda kupumzika kwenye ng'ombe, ambako hakuna mtu wa kutuuliza kitu.

MWENDO WA HADITHI NI NINI?

Hadithi ina saa mbili. Ya kwanza ni ya matukio: mwaka, siku, dakika. Ya pili ni ya msomaji: kurasa na mistari. Saa hizi mbili hazilazimiki kwenda sawa. Miaka 10 inaweza kupita katika sentensi moja, na dakika tano zikajaza kurasa tatu. Kuchagua wapi upite haraka na wapi utulie, hapo ndipo ulipo mwendo wa hadithi.

Tena uchaguzi huo husema jambo. Unapokaa muda mrefu mahali fulani, unamwambia msomaji kwamba hapa ndipo penye uzito. Sisi tuliwaambia akina mama wa Bunda kwamba ng'ombe wa mahari wana uzito kuliko mama aliyekaa kwenye benchi. Walitusikia vizuri, ndiyo maana wakasinzia.

Tazameni kitabu cha Ruthu, ambacho wengi wetu tumekisoma mara nyingi. Kina sura nne tu. Miaka kama 10 ya Naomi katika nchi ya Moabu, pamoja na vifo vya mume wake na wanawe wawili, imeelezwa katika aya tano za mwanzo. Lakini usiku mmoja, Ruthu alipokwenda kwa Boazi kwenye uwanja wa kupuria, umepewa sura ya tatu nzima. Mwandishi hakuudharau msiba wa Naomi. Alijua tu kwamba maisha ya wanawake hawa wawili yangegeuka usiku ule, na msomaji anapaswa kuwepo pale gizani akingoja pamoja nao.

JIRANI ZETU WALIOSHIKA KALAMU

Msije mkafikiri kwamba kwenda polepole ni kosa. Ukifika Kisorya, wilayani Bunda, utapanda kivuko kwenda Rugezi, kisiwani Ukerewe. Huko ndiko alikoandika Mzee Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu kwa lugha ya Kikerewe, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapisha. Baadaye aliigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa miaka mingi baada ya yeye kuimaliza. Mzee alifariki mwaka 1981 kabla kitabu hakijafika mikononi mwake. Mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza, kikiwa kimetafsiriwa na Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe.

Riwaya ile inakwenda kwa mwendo wa jembe. Inatulia kwenye salamu, kwenye kilimo, kwenye pombe ya ndizi, kwenye dawa za wagonjwa. Mbona haichoshi? Kwa sababu tangu mwanzo tumepewa swali la kubeba. Mume na mke wanapendana, lakini hawana mtoto. Maneno ya ndugu wa mume yanakuwa makali, na wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Je, Myombekere atamrudisha mkewe? Je, watapata mtoto? Msomaji mwenye swali moyoni huvumilia njia ndefu, kama vile mama anayekwenda kumwona mwanawe aliyelazwa asivyohesabu vilima. Sisi tuliwapa wasikilizaji wetu kurasa 17 bila swali lolote.

Jirani mwingine ni wa Butiama. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na mzigo wote wa kuongoza nchi, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963. Hakuridhika nayo. Aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka pia tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Ikiwa Rais aliweza kurudi kwenye kazi iliyokwisha kuchapishwa na kukiri kwamba inahitaji kurekebishwa, sisi wenye kaunta buku tuna udhuru gani?

TULIVYOIANDIKA UPYA

Tulikaa na hadithi yetu miezi minne. Harusi tuliibakizia aya moja na ng'ombe mmoja. Hadithi sasa ikaanzia na kichwa kinachouma usiku, mume yuko ziwani, na mama mkwe anasema wangoje kupambazuke.

Hapo elimu yetu ya uuguzi ilitusaidia. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mwenye matatizo ya uzazi huweza kupotea kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata matibabu akisha kufika. Tukaona hadithi yetu ni hiyo hiyo. Kumbe kila kuchelewa kulistahili kutulia, ili msikilizaji auone muda unavyokwisha. Tukaandika usiku, tukaandika baiskeli kwenye mchanga, kisha benchi. Pale kwenye benchi tuliwataja watoto 11 mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila mtoto tukarudi kumtazama yule mama.

Kabla ya kutoa nakala mpya tulimtafuta mama mwenyewe. Tulipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, na hilo nalo tunaliungama. Tulimweleza kwamba tumebadilisha jina na kijiji, tukamwomba ruhusa, tukamsomea yote, pamoja na maneno yetu ya siku ile. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Mwishowe akasema, "Mama mkwe alinifunika mgongo kwa khanga yake pale kwenye benchi. Hilo hukuliandika." Alifariki miaka miwili iliyopita, yule mama mkwe. Tuliliandika.

Mara ya pili tuliisoma Butiama. Hakuna aliyelala. Tulipomaliza hakukuwa na makofi. Kulikuwa na ubishi. Wengine walimlaumu mama mkwe, wengine mume, wengine wakasema umaskini wa njia. Lakini kwa muuguzi wote walikuwa na neno moja. Hakuna aliyetutetea, na ilikuwa haki.

KWA MAMA WA BUNDA

Mama, tunakutolea yale tuliyojifunza, nawe uyapime:

1. Soma kwa sauti, lakini uangalie mikono ya wasikilizaji. Mahali walipovuta ungo wa karanga, weka alama kwa kalamu. Usiwalaumu, wanakusaidia bure.

2. Pembeni mwa kila ukurasa andika ni muda gani umepita humo: saa moja, mwezi, mwaka. Utaona mara moja mahali ulipojaza na mahali ulipokimbia.

3. Weka swali mapema. Msomaji ajue tangu ukurasa wa kwanza au wa pili anachokiogopa au anachokitamani.

4. Jihadhari na maneno kama "kidogo", "baadaye", "hatimaye" na "mambo yakaendelea". Mara nyingine ni maneno mema ya kuvukia mto. Mara nyingine ni pazia. Livute uone kilichoko nyuma.

5. Kutulia si kuongeza maneno ya huzuni. Ni kuonyesha kilichokuwepo: mizani, benchi, khanga. Jambo likienda mbio, fupisha sentensi.

6. Usimalize fedha za nyumbani kwa nakala nyingi za mwanzo. Toa chache, zisomwe, usahihishe, kisha utoe nyingine. Watoto wanahitaji madaftari yao.

Na kama katika hadithi yako kuna mahali unapokimbia kila unapoisoma, simama hapo kwanza, uombe, kisha uandike. Huenda hadithi yako yote iko hapo.

Tusiagane bila neno la kliniki. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, anayeona ukungu au vimulimuli, aliyevimba uso na mikono, au anayeumwa sehemu ya juu ya tumbo, asingoje kupambazuke. Apelekwe saa ile ile. Akifika, asikae kwenye foleni. Nawe uliyemsindikiza, hata kama nesi amekuambia ungoje, simama useme kwa sauti ya heshima lakini isikike: "Sista, tafadhali mpime shinikizo la damu sasa."

Laiti mama mkwe yule angetuambia hivyo siku ile. Lakini haikuwa kazi yake kutukumbusha.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.